Gyeongju kwa Siku Mbili: Kupanga Ziara Fupi katika Mji Mkuu wa Kale wa Silla

Gyeongju ni mji ulioko kusini mashariki mwa Korea Kusini, katika mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, na kwa karibu miaka elfu moja ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Silla. Mapokeo yanaweka mwanzo wa ufalme huo mwaka 57 kabla ya Kristo, tarehe ambayo wanahistoria huitazama kwa tahadhari, ilhali mwisho wake haubishaniwi: mwaka 935 mfalme wa mwisho, Gyeongsun, alimkabidhi nchi Wang Geon, mwanzilishi wa nasaba ya Goryeo. Katika muda huo wote makao makuu hayakuhama. Hata Silla ilipokwisha kuwashinda majirani zake na kutawala sehemu kubwa ya rasi ya Korea, jambo lililoufanya mji huo ujikute pembezoni mwa nchi kubwa, jaribio la mfalme Sinmun la mwaka 689 la kuhamishia serikali Dalgubeol, yaani Daegu ya leo, halikufanikiwa. Ndiyo maana karibu vizazi vyote vya watawala wa Silla viliishi, vikajenga na kuzikwa katika bonde moja na milima inayolizunguka.

Wingi huo wa mabaki ndio unaompa shida mgeni mwenye siku mbili tu mkononi. Makaburi yako katikati ya mji, mahekalu yako mlimani, kaburi la mfalme mmoja linasemekana kuwa baharini, na hakuna ukuta mmoja unaovizunguka vyote ili mtu aingie lango moja na kutokea jingine. Mgeni anayechagua vituo kwa umaarufu wake hujikuta akipanda na kushuka mabasi mchana kutwa, akirudi nyumbani na picha nzuri za vitu ambavyo hawezi kueleza vinahusiana vipi. Sura hii inapendekeza mpango wa aina nyingine, unaofuata mfuatano wa historia yenyewe, na una faida mbili: unampa msafiri kisa chenye mwanzo na mwisho, na pia unampunguzia mwendo, kwa kuwa mabaki ya zama za kwanza yako bondeni katikati ya mji, ya zama za pili yako kando yake, na ya zama za tatu yamesogea mashariki kuelekea mlimani na baharini.

Kilichobaki na kilichoteketea

Kabla ya kupanga saa na vituo, inafaa kujua Gyeongju ina nini na imekosa nini. Majumba ya Silla yalijengwa kwa mbao, na mbao hizo zimeteketea zote. Mfano ulio wazi zaidi ni hekalu la Hwangnyongsa, lililokuwa na pagoda, yaani mnara wa Kibudha wenye paa zilizopandana, wa ghorofa tisa uliokamilika mwaka 645. Maandishi ya kale yanaupa kimo cha takriban mita 80. Uliwahi kupigwa na radi na kukarabatiwa mara kadhaa, lakini mwaka 1238 majeshi ya Wamongolia yaliuchoma pamoja na hekalu zima, na tangu hapo haukujengwa tena. Leo mahali pake pana uwanja wa majani wenye mawe 64 ya msingi, yaliyopangwa katika mraba, ambayo kila moja lilibeba nguzo.

Kinachoonekana katika mji wa leo, basi, ni vitu vya aina tatu: udongo wa makaburi, mawe ya minara na sanamu, na madini yaliyofukuliwa ardhini au kuhifadhiwa hekaluni. Vinavyosalia vimejengwa upya. Majengo ya mbao ya hekalu la Bulguksa yaliungua mwaka 1593 wakati wa uvamizi wa Wajapani, na mengi ya yanayosimama sasa ni kazi ya ukarabati wa miaka ya 1969 hadi 1973; daraja lenye paa la Woljeonggyo, ambalo wageni hulipiga picha sana nyakati za usiku, lilikamilishwa mwaka 2018 juu ya misingi ya daraja la karne ya 8. Hakuna udanganyifu katika hilo, maana Wakorea wenyewe hutangaza tarehe za ujenzi mpya, lakini msafiri anayejua tofauti hiyo hutumia muda wake vizuri zaidi. Penye jengo jipya hutazama umbo na mpangilio. Penye jiwe la asili hukaribia, akatazama alama za patasi.

Shirika la UNESCO limeuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia: mwaka 1995 kwa hekalu la Bulguksa na pango la Seokguram, mwaka 2000 kwa maeneo matano ya kihistoria ya Gyeongju, na mwaka 2010 kwa kijiji cha Yangdong, ambacho kiliorodheshwa pamoja na kijiji cha Hahoe cha mji wa Andong. Hata hivyo, Yangdong ni cha zama za nasaba ya Joseon, iliyotawala tangu mwaka 1392, karne kadhaa baada ya Silla kwisha, na kwa sababu hiyo kinaweza kuachwa katika ziara ya siku mbili bila kuharibu mtiririko.

Asubuhi ya kwanza: zama za makaburi makubwa

Siku ya kwanza inaanzia Daereungwon, bustani iliyo katikati ya mji yenye vilima 23 vya makaburi vilivyoota majani. Wakorea hutofautisha makaburi hayo kwa majina. Kaburi la mfalme anayejulikana huitwa *neung* au *reung*, na kaburi kubwa ambalo mwenyewe hajulikani huitwa *chong*, kisha hupewa jina kutokana na kitu kilichopatikana ndani yake. Mgeni aingie Cheonmachong, kaburi lililofukuliwa mwaka 1973, kwa kuwa ndilo pekee katika bustani hiyo lililofunguliwa ili ndani yake paonekane, na jina lake limetokana na mchoro wa farasi wa mbinguni uliokuwa kwenye kikinga matope cha tandiko, kilichotengenezwa kwa gome la mti wa betula.

Ndani ya Cheonmachong huonekana jinsi makaburi ya karne ya 5 na ya 6 yalivyojengwa, na ujenzi huo unaeleza mengi. Jeneza na mali za marehemu viliwekwa katika chumba cha magogo; juu na kando ya chumba hicho yakarundikwa mawe ya mtoni kwa maelfu; juu ya mawe ukashindiliwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji; na mwishowe ukapandishwa udongo wa kawaida mpaka kukawa na kilima. Chumba hakikuachiwa mlango wala njia. Magogo yalipooza, mawe yaliporomoka na kujaza nafasi yote, kiasi kwamba mwizi aliyetaka kuchimba aliondoa jiwe moja na mengine yakamwangukia. Makaburi ya falme jirani za Goguryeo na Baekje, ambayo kwa kawaida yalikuwa na vyumba vya mawe vyenye mlango, yaliibiwa kwa wepesi zaidi, na hii ni sababu moja kubwa kwa nini dhahabu nyingi ya kale ya Korea imetoka Gyeongju.

Karibu na hapo ni Hwangnamdaechong, vilima viwili vilivyounganishwa vyenye urefu wa mita 120 hivi, ambako upande wa kusini alizikwa mwanamume na upande wa kaskazini mwanamke. Wanaakiolojia walilifukua katikati ya miaka ya 1970 na kukuta taji la dhahabu upande wa mwanamke, huku mwanamume akiwa na mataji ya madini ya thamani ndogo zaidi. Jambo hilo limezua mjadala mrefu kuhusu nafasi ya wanawake wa ukoo wa kifalme, na linafaa kukumbukwa alasiri, msafiri atakapofika kwenye mnara uliojengwa katika utawala wa malkia.

Kutoka makaburini hadi Makumbusho ya Taifa ya Gyeongju ni mwendo unaowezekana kwa miguu au kwa baiskeli, na ni vyema makumbusho hayo yafuate mara moja, wakati picha ya chumba kitupu bado iko akilini. Hapo mgeni hukutana na vitu vilivyotoka ndani ya vyumba vile. Taji la dhahabu la Silla hutambulika kwa vipande vinavyosimama wima vyenye umbo la mti wa matawi ya pembe mraba, na viwili vya nyuma vyenye umbo la pembe za kulungu. Juu yake huning'inia visahani vidogo vya dhahabu na mawe ya jedi yaliyopinda, manene upande mmoja na membamba upande mwingine, yaitwayo *gogok*. Taji la kwanza la aina hiyo lilipatikana mwaka 1921, pale uchimbaji wa kawaida karibu na nyumba ya watu ulipofumua kaburi, na hadi sasa mataji sita ya dhahabu ya Silla yanajulikana.

Katika makumbusho hayo inafaa pia kutazama vyombo vya kioo. Baadhi ya vikombe na magudulia yaliyokutwa makaburini yalitengenezwa katika nchi za Mediterania au Asia Magharibi, na yalisafirishwa kupitia Asia ya Kati au baharini hadi mwisho huu wa bara. Uhusiano huo uliendelea kwa karne nyingi, na kwa msomaji wa Kiswahili una kiungo cha karibu: wanajiografia wa Kiarabu waliiandika nchi hii kwa jina la Sila. Ibn Khurdadhbih aliitaja katika karne ya 9 kuwa nchi yenye dhahabu iliyoko ng'ambo ya China, na al-Masudi, ambaye mwanzoni mwa karne ya 10 alisafiri hadi pwani ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, aliitaja Sila pia. Kwa maneno mengine, Silla na Waswahili wa kale walikuwa ncha mbili za maandishi ya watu wale wale.

Nje ya jengo kuu hutundikwa kengele ya mfalme Seongdeok, iliyokamilika mwaka 771, yenye uzito wa takriban tani 18.9 na kimo cha zaidi ya mita 3.5. Mfalme Gyeongdeok aliagiza itengenezwe kwa kumbukumbu ya baba yake, akafa kabla haijakamilika, na mwanawe Hyegong ndiye aliyeimaliza. Kengele za Korea hazina ulimi ndani yake: hugongwa kwa nje kwa gogo linalobembea, na juu yake kuna bomba la wazi ambalo halipatikani katika kengele za China na Japani. Kengele hii haigongwi tena kwa kawaida ili isipasuke, na wageni husikilizishwa sauti iliyorekodiwa.

Alasiri ya kwanza: mfalme anakuwa Mbudha

Makaburi makubwa ya bondeni yalikoma katika karne ya 6, na sababu yake ndiyo inayofungua alasiri. Mwaka 527, chini ya mfalme Beopheung, dini ya Budha ilikubaliwa rasmi katika Silla. Mapokeo husema kwamba wakuu wa koo walipinga, na ofisa kijana aitwaye Ichadon akajitoa kuuawa ili kuonyesha ukweli wa imani hiyo. Tangu wakati huo mali iliyokuwa ikizikwa pamoja na wafalme ilianza kuelekezwa kwenye mahekalu. Makaburi yalipungua ukubwa, yakahamia chini ya milima, na hadhi ya mtawala ikaonyeshwa kwa minara na sanamu. Msafiri anayelielewa badiliko hilo huona kwa nini hatua chache kutoka Daereungwon mandhari hubadilika kabisa.

Cheomseongdae, mnara wa mawe wenye kimo cha mita 9 na kidogo, ulijengwa wakati wa malkia Seondeok, aliyetawala kuanzia 632 hadi 647. Silla iligawa watu kwa utaratibu ulioitwa *golpum*, yaani daraja za mfupa, ambao uliamua cheo, ukubwa wa nyumba na hata mavazi ya mtu kwa kufuata uzazi wake. Kiti cha ufalme kilikuwa cha daraja la juu kabisa, la mfupa mtakatifu, na baba yake Seondeok alipofariki bila mtoto wa kiume, binti huyo wa daraja hilo alitawazwa. Mnara huo una safu 27 za mawe katika sehemu yake ya mviringo, na dirisha moja la mraba upande wa kusini, katikati ya kimo. Huhesabiwa kuwa mnara wa kutazamia nyota wa kale zaidi uliobaki katika Asia ya Mashariki, ingawa wapo watafiti wanaouona zaidi kuwa alama ya ibada au ya mamlaka ya malkia. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.8 lililotokea tarehe 12 Septemba 2016 liliutikisa na kuuinamisha kidogo tu.

Kwa mwenye nguvu za kutembea, alasiri inatosha kufika pia Bunhwangsa, hekalu lililoanzishwa mwaka 634 na malkia huyo huyo, lenye pagoda ya mawe yaliyochongwa kwa umbo la matofali, ambayo imebaki na ghorofa tatu tu. Uwanja wa Hwangnyongsa uko jirani yake kabisa, na kuviona viwili hivyo kwa pamoja humfundisha mgeni tofauti ya hatima ya jiwe na ya mbao vizuri zaidi kuliko maelezo yoyote.

Kituo cha mwisho cha siku ya kwanza ni Donggung na Wolji, yaani kasri la mwana wa mfalme na bwawa lake, lililochimbwa mwaka 674 kwa amri ya mfalme Munmu. Hapa inafaa kufika jua likizama, kwa kuwa mahali hapo hubaki wazi hadi usiku na taa zake huakisiwa majini. Bwawa hilo lilikaushwa na kuchunguzwa mwaka 1975 na 1976, na katika tope lake kukapatikana maelfu ya vitu vya maisha ya kila siku: vigae, mitumbwi, vijiko, na dadu ya mbao yenye pande 14 iliyotumika katika karamu, ambayo kila upande wake uliandikwa agizo, kwa mfano kunywa vikombe vitatu kwa mkupuo au kucheza ngoma bila muziki. Dadu ya asili iliungua katika mtambo wa kuikaushia, na zinazoonyeshwa leo ni nakala.

Siku ya pili: zama za muungano

Kati ya mnara wa malkia na vituo vya siku ya pili kuna vita. Silla ikishirikiana na dola ya Tang ya China iliiangusha Baekje mwaka 660 na Goguryeo mwaka 668, kisha ikawageuka washirika wake na kuwafukuza kutoka sehemu kubwa ya rasi kufikia mwaka 676. Karne iliyofuata ilikuwa ya amani na utajiri, na ndiyo iliyozaa kazi mbili zinazohesabiwa kuwa kilele cha sanaa ya Kikorea, zote zikiwa katika mlima Tohamsan mashariki ya mji.

Bulguksa na Seokguram zilianzishwa mwaka 751 na waziri mkuu Kim Daeseong, na zilikamilishwa na serikali baada ya kifo chake mwaka 774. Kitabu cha karne ya 13 kiitwacho Samguk Yusa, kilichokusanywa na mtawa Iryeon, kinasema kwamba Kim Daeseong alijenga hekalu kwa ajili ya wazazi wake wa maisha haya na pango kwa ajili ya wazazi wa maisha yaliyotangulia. Kwa wageni wasioijua imani hiyo, maelezo mafupi yanatosha: Wabudha huamini kwamba kiumbe huzaliwa upya mara nyingi, na tendo jema laweza kuwafaa hata waliotangulia.

Huko Bulguksa macho yaelekezwe kwanza kwenye ngazi za mawe za mbele na jukwaa linalobeba majengo, ambapo mawe yaliyochongwa yamepachikwa juu ya mawe ya asili bila kuyasawazisha, kwa kulichonga jiwe la juu lifuate mawimbi ya lile la chini. Ngazi hizo hazipandwi siku hizi, na wageni huingilia pembeni. Uani mnasimama pagoda mbili zenye kimo cha zaidi ya mita 10 kila moja. Seokgatap ni ya mistari michache na haina mapambo. Dabotap imejaa nguzo, vizuizi na paa ndogo ndogo, na umbo lake limechapwa kwenye sarafu ya won 10. Ilikuwa na simba wanne wa mawe, na sasa amebaki mmoja. Mwaka 1966, baada ya wezi kuiharibu Seokgatap, mafundi walioitengeneza walikuta ndani yake karatasi ndefu iliyoviringishwa yenye maandiko ya dini ya Budha, yaliyochapwa kwa bao la mbao, na ambayo huhesabiwa miongoni mwa machapisho ya kale zaidi yaliyobaki duniani.

Kutoka Bulguksa hadi Seokguram kuna basi namba 12, na kuna njia ya miguu ya kupanda kwa muda wa saa moja hivi. Ingawa huitwa pango, Seokguram halikuchimbwa mwambani kama mapango ya ibada ya India na China. Lilijengwa kwa mapande ya mawe ya matale, likafunikwa kwa udongo na mawe. Lina chumba cha mbele chenye pembe nne, njia fupi, na ukumbi wa mviringo wenye kuba, ambamo Budha wa kimo cha takriban mita 3.5 ameketi akitazama mashariki, mkono wake wa kulia ukielekea chini kwa ishara ya kuiita ardhi ishuhudie. Kuba hilo halishikwi kwa chokaa. Katikati ya mapande yake yamechomekwa mawe marefu ambayo vichwa vyake huchomoza ndani na mikia yake hubanwa na uzito wa nje, na hivyo kuyazuia mapande yasiteleze. Jiwe la juu kabisa lina nyufa zinazoligawa vipande vitatu, na Samguk Yusa inasimulia kwamba lilipasuka wakati wa ujenzi wenyewe.

Mgeni ajiandae kwa jambo moja. Kati ya mwaka 1913 na 1915 utawala wa kikoloni wa Japani ulilibomoa pango na kulijenga upya kwa kulizungushia saruji nene, hatua iliyozuia mzunguko wa hewa na kuleta unyevu na ukungu juu ya sanamu. Ukarabati wa miaka ya 1960 ulijaribu kurekebisha kosa hilo, na sasa hewa ya ndani hudhibitiwa kwa mitambo. Matokeo yake ni kwamba watu hutazama kutoka nyuma ya kioo, hawaruhusiwi kupiga picha, na hawawezi kuzunguka ukumbi, kwa hiyo sanamu ya Gwaneum, mtukufu wa huruma katika Ubudha, mwenye vichwa kumi na kimoja, iliyochongwa ukutani nyuma ya Budha, haionekani kabisa. Ni busara kusoma na kutazama picha za ukumbi huo usiku uliotangulia.

Alasiri ya pili humtaka msafiri achague. Mwenye miguu imara aende Namsan, mlima wa kusini wenye masalia ya mahekalu zaidi ya 100, ambao bonde lake la Samneung huanzia kwenye makaburi matatu chini ya misonobari na kupanda kupitia sanamu za Budha zilizochongwa miambani na nyingine zilizopoteza vichwa. Mwenye gari au teksi aendelee mashariki hadi baharini, kwa kuwa huko ndiko kisa cha muungano kinakomalizikia. Mfalme Munmu, aliyekamilisha vita, alifariki mwaka 681 akiwa ameagiza achomwe na kuwekwa katika Bahari ya Mashariki ili ageuke joka na kuilinda nchi dhidi ya wavamizi kutoka Japani. Miamba ya Daewangam karibu na ufuko huhesabiwa kuwa kaburi lake. Mwanawe Sinmun alikamilisha hekalu la Gameunsa mwaka 682, na chini ya sakafu ya ukumbi wake mkuu mafundi waliacha uwazi, ambao Samguk Yusa inaueleza kuwa njia ya joka kuingilia. Mawe ya sakafu hiyo yangali yamepangwa juu ya uwazi huo hadi leo, pamoja na pagoda mbili za mawe zenye kimo cha mita 13 hivi.

Usafiri, majira na malazi

Wasafiri wa Afrika Mashariki kwa kawaida huunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Dubai hadi uwanja wa Incheon, kisha huingia Seoul kwa treni ya uwanja wa ndege. Treni ya mwendokasi iitwayo KTX huchukua kama saa mbili kutoka Seoul hadi kituo cha Gyeongju, na kama nusu saa kutoka Busan. Kituo hicho, ambacho zamani kiliitwa Singyeongju, kiko nje ya mji, kwa hiyo muda wa basi au teksi uongezwe katika hesabu. Mabasi ya masafa marefu huchelewa zaidi, lakini humshusha abiria karibu na makaburi yenyewe. Mabasi ya mjini namba 10 na 11 huzunguka kati ya mji na Bulguksa, na nauli hulipwa kwa kadi ya T-money, inayonunuliwa na kuongezwa fedha katika maduka madogo. Kwa kutafuta njia, ramani za Naver na Kakao hutegemewa zaidi nchini humo.

Majira bora ni Aprili na Mei, au Oktoba hadi katikati ya Novemba. Mwanzoni mwa Aprili maua ya micheri huvuta umati mkubwa na vyumba huwa haba. Mwishoni mwa Juni na Julai kuna mvua za *changma*, yaani majira ya masika ya Korea. Na baridi ya Januari hushuka chini ya sifuri, ingawa anga huwa safi. Siku za Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, sikukuu ya mavuno, ziepukwe, kwa sababu Wakorea husafiri makwao na tiketi za treni huisha mapema.

Mahali pa kulala pafuate mpango. Nyumba za *hanok*, yaani nyumba za jadi za mbao zenye paa la vigae na sakafu inayopashwa joto kwa chini, ziko nyingi karibu na Daereungwon, ambako vilima vya makaburi huonekana nyuma ya paa na siku ya kwanza yote hufanyika kwa miguu. Hoteli kubwa ziko kandokando ya ziwa Bomun, mbali kidogo na katikati ya mji. Kuhusu chakula, mji huu unajulikana kwa *ssambap*, mlo wa wali na vitoweo vidogo vidogo vinavyofungwa ndani ya majani mabichi, na kwa vimkate vya Hwangnam vyenye kujazwa maharage mekundu, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1939. Mwislamu ajue kwamba nyama ya nguruwe hutumika sana na migahawa ya halali ni adimu nje ya miji mikubwa, hivyo samaki, tofu na *bibimbap* isiyo na nyama, yaani wali uliochanganywa na mboga, ndizo njia zilizo rahisi.

Kupunguza bila kupoteza

Mpango wowote wa siku mbili unaweza kuvurugwa na mvua, treni iliyochelewa au miguu iliyochoka, na ndipo swali la nini kiachwe linapokuja. Kanuni ya sura hii ni kwamba kisiachwe kipindi chochote kizima. Akiwa na siku moja tu, msafiri atazame Cheonmachong, makumbusho na Bulguksa, vituo vitatu vinavyomchukua kutoka kwa mfalme aliyezikwa na dhahabu yake hadi kwa waziri aliyeitumia mali kujenga hekalu. Cheomseongdae ataiona njiani. Akipata siku ya tatu, aongeze bahari na Namsan kabla ya Yangdong. Mtu aliyeona makaburi kumi na mnara mmoja ameona sehemu moja ya Silla mara kumi, na mtu aliyeona kituo kimoja cha kila zama anaweza kueleza kwa nini dhahabu iliacha kuzikwa, kwa nini mawe yakaanza kuchongwa, na kwa nini mji wa bondeni ulijenga kazi zake bora zaidi mlimani.